Kuwasha nyumba kwa jenereta ya RV umeme ukikatika

Kimbunga Beryl kilipopita hapa Houston Julai 2024 tulikaa siku nne gizani, joto lile, friza inayeyuka, na RV (gari lenye nyumba ndani) imepaki tu nje na jenereta yake ya Onan ya wati 4000. Juzi nimemsaidia shemeji kuunganisha yake, basi naandika hapa nisirudie kwa kila anayepiga simu.

1. Paki mbali na madirisha, ekzosi itazame nje, sio kwenye nyumba. Kwenye gereji usiiwashe hata mlango ukiwa wazi, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya ekzosi, haina harufu. Weka king'ora chake cha betri ndani.

2. Cheki petroli. Jenereta inavuta kwenye tenki la gari, na tenki likikaribia robo inajizima makusudi ubaki na ya kuendeshea. Haijaharibika!

3. Washa, ipe dakika chache.

4. Kuingiza umeme ndani. Mimi ni mtu wa ekstensheni nene, geji 12, toka soketi ya nje ya RV mpaka kwenye friji, kwisha. Shemeji akataka na taa na feni kwa hiyo akanunua chenjiova, ile swichi ya kuhamisha nyumba toka umeme wa barabarani kwenda wa jenereta, na hapo Jumamosi yangu nzima ikapotea, maana kila tukiwasha ile soketi ya RV yenye vitufe viwili, ya kukinga watu na shoti, inajikata, tukabadilisha waya, tukabadilisha soketi, tukaisingizia jenereta. Kumbe nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya wa usalama wa kwenda ardhini) zimeungana kwenye jenereta na zimeungana tena kwenye boksi la breka la nyumba, umeme wa kurudi unagawanyika njia mbili na soketi inadhani kuna mtu anapigwa shoti. Dawa ni chenjiova inayokata na nyutro, fundi mwenye leseni ndiye aliyeifunga. Eti kuna wanaokata waya wa ethi ili soketi inyamaze, jamani! Halafu Onan hii inatoa volti 120 tu, AC ya nyumba inataka 240, isahau. Na saketi mbili zinazochangia nyutro moja fundi azitenganishe, la sivyo huo waya unabeba mzigo mara mbili na breka haishtuki. Waya wenye plagi za kiume pande zote mbili usiuguse kabisa, umeme unatoka hadi barabarani, transfoma inaupandisha kuwa maelfu ya volti na fundi yuko juu ya nguzo.

5. Friji kwanza, ikitulia ndio friza. Maikrowevu peke yake.

6. Kila mwezi iendeshe jenereta kwa muda wa saa mbili na mzigo wa nusu, petroli ikilala kabureta inaziba.