Apatiti chini ya Raman: usiite kila kilele kaboneti

Juzi nilikaa na mwanafunzi aliyeleta punje za apatiti (madini ya fosfeti) kutoka Panda Hill, karibu na Mbeya, azipime kwa Raman, yaani kupiga madini kwa leza na kusoma mitetemo yake kama vilele. Alikuwa na hakika kwamba amepata kaboneti tele (kundi la kaboni na oksijeni), kumbe aliokuwa akiusoma ni mwanga wa neodimi, mojawapo ya elementi adimu. Kosa hilo hilo liliwahi kunila siku mbili.

1. Sahihisha mashine kwa silikoni. Kilele kikae 520.5 sm⁻¹; namba za vilele hapa chini ni za kipimo hicho hicho.

2. Tafuta fosfeti karibu na 964. Isipokuwepo, hiyo si apatiti.

3. Hapa ndipo pa kutulia. Apatiti ya kabonatiti (mwamba wa magma wenye kaboneti nyingi) hubeba elementi adimu, na ukiipiga kwa leza ya nanomita 785, neodimi iliyomo huwaka. Mwanga wake wa nanomita 880 hivi hujiandika 1375, na wenzake huizunguka kushoto na kulia. Vilele ni vyembamba, vimesimama vizuri, na vinasogelea 1410 hadi 1460, eneo ambalo vitabu vya infraredi (mbinu nyingine ya kupima mitetemo) huipa kaboneti. Kosa la mwanafunzi lilitoka huko.

Badili leza. Mimi huanza na ya nanomita 532 siku zote. Kilele cha Raman hubaki kwenye namba yake. Cha mwanga huhama au hutoweka. Una leza moja tu? Geuza nanomita kuwa sm⁻¹: chukua 10,000,000, gawa kwa 785, upate 12,739. Toa 1375, ubaki na 11,364. Gawa tena 10,000,000 kwa hiyo: 880. Huyo ni neodimi.

Kuiacha leza iwake dakika kumi hufifisha mng'ao wa uchafu wa viumbe, lakini neodimi haichoki. Na tafadhali, usiruhusu programu ifute usuli (mwanga ulio chini ya vilele) kabla hujaiona spektra ghafi kwa macho yako.

4. Sasa kaboneti yenyewe: 1070. Fosfeti nayo ina kilele 1076, kwa hiyo zungusha punje, pima tena pembe kadhaa, ndipo utenganishe viwili hivyo.

5. Floridi na kloridi, ambazo nazo hukaa ndani ya apatiti, ni atomu pekee, hazina mtetemo wa ndani wa kuonekana. Muulize jirani yao, hidroksili (oksijeni na hidrojeni). Ikipakana na hidroksili wenzake tu, kilele chake hukaa 3572. Ikipakana na floridi hushuka karibu na 3540. Kwa leza ya 532 eneo hilo huangukia nanomita 656, si mbali na mwanga wa samari (elementi adimu nyingine), kwa hiyo rudia hesabu ya hatua ya 3 kabla ya kuandika neno floridi kwenye ripoti.