Binti anayejichukia kwa sababu ya simu: namna ninavyokaa naye

Ninafundisha mabinti kushona hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wengi wanakuja wakiwa wamemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwapendeza, na simu inawaambia usiku na mchana kwamba msichana wa maana ni mweupe, ana kiuno chembamba na anakula bata Dar. Ukiwa na binti wa namna hiyo, usianze kwa kumwambia "wewe mbona mzuri". Hataamini. Anza na simu yenyewe.

Mwombe akuonyeshe anaowafuata. Usikemee, usicheke. Kisha mpige picha mbili dirishani, mwanga uleule: moja ya kawaida, moja ya filta. Ziangalieni pamoja, yeye ndiye aseme kilichobadilika: pua imepungua, macho yametanuka, vinyweleo vimefutika. Sasa rudini kwa yule dada anayempenda, mtafute dalili zilezile. Muulize pia, huyu anauza nini? Mara nyingi chini ya picha kuna namba ya kuagizia krimu au nywele.

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua, uuseme waziwazi. Krimu zenye zebaki huharibu figo. Zenye haidrokwinoni, zikipakwa muda mrefu, zinaweza kuacha mabaka meusi kuliko rangi aliyokuwa anaikimbia. Na sisi huku tuko juu, mita 1,700 hivi. Jua linaunguza hata siku ya baridi, na ngozi iliyochubuliwa haina kinga. Kama ameshaanza kupaka, mpeleke kwa daktari wa ngozi, na njiani usimsimange.

Halafu mpe kazi ambayo mtu mwingine anaitegemea. Hapa ndipo ninapoweka nguvu zangu zote. Kwangu ni sketi za shule, hasa Desemba, wazazi wanapojiandaa kwa Januari. Zipu ndiyo inayowatesa: ikikaa upande, sketi inavuta na mtoto hakai vizuri darasani. Basi binti anafumua, anabana pini, anashona upya. Ikinyooka ninapitisha kidole juu ya mshono na kumwambia, "Hapa mwisho umegeuza vizuri, hapajakunjamana." Sifa iwe ya kitu anachoweza kukishika. Mteja akija, aliyeshona ndiye anayemkabidhi. Mama wa watu akisema "asante, fundi", namwangalia binti yangu mabega yanavyopanda.

Wavulana wao wanapigwa na picha za magari na mikeka ya kubeti. Mwambie aandike kila shilingi aliyoweka na aliyopata mwezi mzima, kisha mjumlishe pamoja.

Na ndugu waonywe mapema. Krismasi wakijaa nyumbani, utasikia "huyu mweupe kamfuata bibi yake", "wewe umekuwa kibonge". Mimi huwapigia shangazi na wajomba kabla hawajapanda basi, nawaambia: mkifika, mwulizeni anashona nini.