Usikimbilie diski: namna ya kufufua breki za dramu za MGA 1500

Wenye MGA 1500, gari dogo la michezo la zamani la kampuni ya MG, wanaokuja kwangu hapa Mombasa wakilalamika kwamba gari halishiki breki huwa na swali moja: "Fundi, si tutie diski tu tumalize?" Yaani breki za sahani ya chuma inayobanwa pande mbili. Mimi huwaomba wasubiri kidogo. Gari hili lilianza kutoka kiwandani Abingdon, Uingereza, mwaka 1955, likiwa na dramu za kampuni ya Lockheed, yaani ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu, za inchi 10 kwenye magurudumu yote manne. Halifiki tani moja, na dramu hizo zinalitosha. Zikiwa hazishiki leo, mara nyingi ni kwa sababu dramu si duara tena, au shuu (vipande vya upinde vinavyosukumwa nje vibane dramu) hazikai sawasawa ndani yake, au mafuta ya breki yamenyonya maji. Yote hayo yana dawa.

Kabla ya kufungua chochote, jua kwamba lainingi za zamani, yaani tabaka la kushika lililobandikwa juu ya shuu, zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usipulize vumbi lile kwa kompresa na usilisugue kwa brashi kavu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kisha kitambaa ukifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Vijana wangu hawagusi dramu kabla ya hilo kufanyika, hata mteja akiwa na haraka namna gani. Gari nalo liketi juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake.

Fungua upande mmoja kwanza. Ule mwingine uache kamili uwe kielelezo chako cha springi inaingia tundu gani na shuu ipi inatazama wapi. Kwenye gari la ringi za kawaida, dramu imeshikwa na skrubu mbili. La ringi za spoku lina nati. Dramu ikigoma kutoka, kuna ukingo umejichonga ndani unaoshikana na shuu. Legeza ajasta (skrubu inayosogeza shuu karibu au mbali na dramu), halafu gonga dramu kwa nyundo ya mbao huku ukiizungusha. Usiichokonoe kwa bisibisi, utapinda bati la nyuma, lile linalobeba shuu.

Ikitoka, isafishe, itundike na uigonge taratibu kwa spana. Dramu nzima hulia kama kengele. Ikitoa sauti iliyokufa, tafuta ufa, na ukiuona, dramu hiyo ni ya kutupa. Kisha pima kipenyo cha ndani katika sehemu kadhaa. Mpya ni milimita 254. Ikiwa imekuwa yai, mpelekee fundi wa kukereza, lakini mimi sivuki 255.5, kwa sababu zaidi ya hapo chuma kinakuwa chembamba na kinashika moto upesi. Kereza ya kushoto na ya kulia zilingane, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila unapokanyaga.

Kazi inayorukwa kuliko zote ni ya shuu. Dramu ikikerezwa inapanuka, na shuu yenye lainingi mpya inagusa katikati tu. Mwenye gari anasema breki ni mbovu kuliko jana, na anasema kweli. Chukua chaki, paka ndani ya dramu, weka shuu kwa mkono na uitelezeshe kidogo huku na huku. Itoe uitazame. Chaki ikiwa imeshika kijistari katikati, lainingi inahitaji kusuguliwa kwa msasa mpaka alama ienee karibu uso wote. Ncha mbili ziguse kwa wepesi zaidi, maana ncha ikishika kwa nguvu breki hupiga kelele na kunasa. Ni kazi ya subira, vumbi lake nalo ni la kuvalia barakoa, lakini hapa ndipo breki nzuri inapopatikana. Anayekubandikia lainingi mwambie unataka laini, si ile ngumu ya magari ya siku hizi, kwa kuwa MGA haina sevo ya kukusaidia mguu.

Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, kila moja na shuu yake. Gurudumu likizunguka kwenda mbele, dramu yenyewe huzivuta shuu zote mbili zijibane zaidi. Ukirudi nyuma msaada huo haupo, kwa hiyo usishtuke breki ikiwa dhaifu kwenye rivasi. Hapa pwani pistoni hunata kwa kutu. Ukiona vishimo ndani ya silinda, raba mpya hazitakuokoa: ipeleke ikatiwe sleevu ya chuma cha pua, au nunua mpya. Raba zilainishe kwa mafuta ya breki peke yake. Grisi ya kawaida inazivimbisha. Grisi ya kustahimili joto ipake kiduchu pale shuu zinapogusana na bati la nyuma.

Mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, badilisha yote bila kujadiliana. Saketi ya gari hili, yaani njia ya mafuta ya breki, ni moja tu. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama na unabaki na breki ya mkono.

Mafuta ya DOT 4 mapya huchemka si chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa hewa yetu hii nayamwaga kila mwaka. Toa upepo kwenye paipu ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali. Halafu ajasta: kaza mpaka shuu iguse, rudisha kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Mbele kuna ajasta mbili kila upande, na wengi hukaza moja tu. Breki ya mkono iweke mwisho kabisa.

Je, diski? Kama unashindana, au unashuka milima kwa kasi, nakuelewa, maana dramu hukaa na joto. MGA 1600 ya 1959 ilitoka na diski mbele, na vifaa vyake ndivyo vya kutafuta. Kumbuka masta silinda ya dramu ina vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu; ukiiacha, diski zitakuwa zinashika wakati wote. Na dramu zako za asili zipake mafuta uzihifadhi.

Ukimaliza, anza na mwendo mdogo, ukanyage kwa upole, lainingi zikae. Mteremko wa Mazeras usiujaribu wiki hiyo. Baada ya kilomita mia mbili hivi, rudia ajasta, kisha ingia chini na utazame nyuma ya kila bati. Penye unyevu, fungua tena.