Kubadilisha Diski ya Ndani ya Kompyuta Iliyoungana na Skrini Yake

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje na uhakikishe kwamba zinafunguka. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki ipungue. Hata hivyo, usiguse kamwe bodi ya umeme.

Kompyuta nyingi za aina hii hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa laini na kufunguliwa kwa nyuma. iMac (kompyuta za aina hii za kampuni ya Apple) za mwaka 2012 na kuendelea ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa skrini yake imebandikwa kwa gundi, na nyuma ya kioo mna kebo nyembamba zinazokatika upesi mtu akivuta kwa pupa. Asiye na uzoefu ampelekee fundi.

Chomoa kebo za diski kwa kushika plagi, si waya. Hapa Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula chuma, zikague ncha za plagi: ukiona kutu ya kijani, zisugue taratibu kwa pamba yenye alkoholi safi na uziache zikauke.

Kwa diski mpya, ningependelea SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA, yaani aina ya plagi ya diski, ya inchi 2.5, ambayo ikichukua nafasi ya diski ya inchi 3.5 huhitaji fremu ya kuishikilia. Ukishaiunganisha, washa kompyuta na uhakikishe BIOS (programu ya msingi inayoanza kompyuta inapowashwa) inaitambua, ndipo urudishe kifuniko na kusakinisha mfumo endeshi.