Kuweka Taimingi ya Magneto kwenye Trekta la Farmall H

Farmall H ni trekta la silinda nne lililotengenezwa Rock Island, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kuanzia 1939 hadi 1953, na baadhi ya yale yanayofufuliwa leo bado yana magneto ya H-4. Magneto, yaani kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, haitegemei betri, kwa kuwa huzalisha umeme wake yenyewe inapozungushwa na injini. Maelezo yafuatayo yanahusu taimingi ya magneto hiyo, yaani kupanga wakati cheche inapotoka, wala si distributa ya betri, ambayo huwekwa kwa namna nyingine.

Kabla ya kushika spana, ni vyema kufahamu kazi ya kapulingi ya impalsi, yaani kiungio chenye springi kati ya injini na magneto, kwa maana kazi yote inategemea mlio wake. Injini inapozungushwa kwa hendeli, mwendo wake ni mdogo mno kuiwezesha magneto kutoa cheche yenye nguvu. Kwa hiyo kapulingi huizuia rota, yaani sehemu ya magneto inayozunguka, kwa muda huku springi ikijikaza, kisha huiachia kwa ghafla, na hapo ndipo unaposikia “ta!” kali ya chuma. Kuzuiwa huko huichelewesha cheche hadi pistoni ifike juu, yaani topu kama wasemavyo mafundi, ili injini isirudi nyuma na kukuvunja mkono. Injini ikishawaka, ndoana za kapulingi hutupwa nje na mzunguko, rota haizuiwi tena, na cheche hurudi mahali pake pa kazi, mapema kabla ya topu. Ukishaipata “ta!” ya kuwashia mahali pake, uwahi wa kazini hujipanga wenyewe.

Usalama nao una upekee wake. Swichi ya kuzimia magneto huizima kwa kuupeleka umeme wake kwenye bodi, hivyo waya wa swichi ukikatika injini haizimi, bali hubaki tayari kuwaka wakati wowote. Mtu aliyezoea magari ya betri hudhani kinyume, na dhana hiyo ni ya hatari. Weka gia huru, chomoa nyaya zote za plagi, na unapozungusha hendeli uivute kuelekea juu, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, wala usiikandamize kwenda chini.

Anza na platini, yaani vigusio vinavyofunguka na kufunga ndani ya magneto. Safisha nyuso zake, zungusha mpaka zifunguke kabisa, kisha upime nafasi kwa fila geji, yaani vibapa vyembamba vya kupimia nafasi; H-4 hutaka inchi 0.013, yaani takriban milimita 0.33. Usiiahirishe hatua hii, kwa sababu nafasi ikiwa kubwa platini hufunguka mapema zaidi na cheche huwahi, na ikiwa ndogo cheche huchelewa. Anayerekebisha platini baada ya taimingi huwa ameivuruga taimingi aliyotoka kuiweka.

Sasa tafuta topu ya silinda namba moja, iliyo mbele karibu na rejeta. Fungua plagi yake, ziba tundu kwa kidole gumba, na uzungushe injini polepole mpaka upepo ukisukume kidole. Hiyo ndiyo kompresheni. Pistoni hufika juu pia mwishoni mwa kutoa moshi, lakini wakati huo hakuna msukumo, na anayeruka jaribio hili anaweza kuweka cheche mzunguko mzima nje ya mahali pake. Endelea kuzungusha taratibu mpaka alama ya topu kwenye puli ya kranki ilingane na kielekezi.

Ikiwa puli imebadilishwa, au alama imeliwa na kutu, usikisie. Tengeneza kizuizi kwa plagi kuukuu iliyotolewa kauri na kuwekwa bolti, kifunge kwenye tundu, kisha uzungushe kwa upole mpaka pistoni ikiguse, na uweke alama ya chaki kwenye puli mkabala na kielekezi. Rudisha injini upande wa pili mpaka iguse tena, uweke alama nyingine. Topu iko katikati ya alama hizo mbili. Ni kazi ya dakika chache, nami huiamini kuliko alama ya kiwandani nisiyojua historia yake. Hakikisha umekitoa kizuizi kabla ya kuendelea.

Magneto ikiwa imetolewa kwenye injini, izungushe kwa mkono mpaka mkono wa rota uelekee waya wa silinda namba moja, kisha uirudishe na ukaze bolti zake kidogo tu, kiasi cha kuweza kuipinda, yaani kuigeuza mahali pake. Ipinde magneto yote kufuata mwelekeo ambao rota yake huzunguka, hadi nafasi ya bolti iishe. Zungusha injini mizunguko miwili kamili hadi topu ileile ya kompresheni, ukisimama pale pale kwenye alama bila kuivuka. Ukiivuka, rudi nyuma sana kisha ukaribie upya, kwani ulegevu wa gia ungekudanganya. Halafu ipinde magneto polepole kinyume cha mzunguko wa rota mpaka usikie “ta!”. Simama hapo na ukaze bolti.

Hakiki kwa kuzungusha mizunguko miwili tena: mlio lazima utoke alama inapofika kwenye kielekezi. Ukitoka kabla yake, hendeli inaweza kukupiga teke. Ukichelewa sana, injini itakuwa nzito na ekzosi itapata moto kupita kiasi.

Rudisha nyaya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2, ukifuata upande ambao mkono wa rota huzunguka. Injini ikishawaka na kuongezwa mwendo, milio ya kapulingi inapaswa kunyamaza. Ikiendelea, taimingi haina kosa. Ndoana zimegandishwa na mafuta makuukuu, na zinahitaji kuoshwa kwa mafuta ya taa.