Kumwomba Mfadhili Agharimie Kitabu: Tanganyika, Mwaka 1950

Tuseme wewe ni mwandishi wa Tanganyika mwaka 1950, una mswada uliokamilika lakini huna shilingi za kumlipa mpiga chapa. Kabla ya kumwendea tajiri yeyote, upeleke mswada kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili na kukagua vitabu, kwa sababu kibali chake kitampunguzia mfadhili hofu ya kulipia nakala zitakazooza ghalani bila kukubaliwa shuleni. Kisha pata makadirio ya gharama kwa maandishi.

Kazi kubwa ni barua. Anza kwa salamu na heshima zinazomstahili, ila usimsifu hadi akakushuku; taja kiasi unachoomba, idadi ya nakala, na kama fedha hizo ni zawadi au ni mkopo utakaolipwa kutokana na mauzo. Waweza kuahidi kukitabaruku kitabu kwa jina lake, lakini asipewe ruhusa ya kuchagua yatakayosemwa ndani, hasa akiwa mtumishi wa serikali. Barua ipelekwe na mtu anayeaminiwa na pande zote mbili.

Akikataa, unaweza kuijaribu ofisi ya vitabu ya serikali za Afrika Mashariki (East African Literature Bureau), iliyoanzishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1940.