Bunduki za bolti za Vita Kuu ya Kwanza: jinsi ya kuzitambua, kuzisafisha na kuzitunza

Bunduki ya zamani ikiwekwa mezani kwangu huja na historia mbili: anayoisimulia mwenyewe, na iliyogongwa kwenye chuma. Ya kwanza hubadilika kila inaposimuliwa. Ya pili hudumu mpaka atokee mtu wa kuifuta kwa msasa, na inasikitisha kwamba wengi huanza kazi kwa kushika msasa.

Mwongozo huu unahusu bunduki zilizotumika kupigana Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918. Lengo ni kuzihifadhi, si kuzifyatua. Hata iwe inang'aa vipi, bunduki ya umri huo usiitie risasi.

Hatua ya 1: Usalama na sheria

Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, vuta nyuma bolti (kipande cha chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu), tazama ndani ya chemba, yaani mahali risasi inapokaa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Bolti ikiwa imeng'ang'ania kwa kutu, usiigonge kwa nyundo. Huenda risasi ya miaka mia moja bado imo. Iache ilipo, uwaite polisi.

Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usidhani uzee wa bunduki unakuondolea wajibu wa kibali. Ukiikuta darini kwa marehemu babu, toa taarifa kabla hata hujaipangusa vumbi. Kwa walio ughaibuni: sheria ya shirikisho ya Marekani huhesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake. Uingereza huangalia pia aina ya risasi, ndiyo maana Mauser ya 1871, bunduki ya Kijerumani, na Lee-Enfield ya .303, ya Kiingereza, hazitendewi sawa.

Hatua ya 2: Soma chuma

Hapa ndipo penye utamu. Chukua tochi, uimulike kwa ubavu ili herufi zilizofifia zitoe vivuli.

Bolti ikiwa inakaa nyuma kabisa, karibu na kifyatulio, mkono wake umepinda kuelekea chini, na magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) ya risasi 10 imechomoza chini, hiyo ni Lee-Enfield. Angalia upande wa kulia, kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako. Utaona taji, na chini yake herufi za mfalme: ER ni Edward wa Saba, GR ni George wa Tano. Hufuata jina la kiwanda, kwa mfano ENFIELD au B.S.A. Co, halafu mwaka na muundo. III ni muundo wa 1907. Ukiona III na nyota, ni ule uliorahisishwa wakati wa vita ili viwanda vitoe bunduki kwa kasi. Herufi DP maana yake ilishushwa daraja ikawa ya gwaride na mafunzo tu.

Mauser ya Gewehr 98 huandikwa juu ya chemba: jina la kiwanda, kama Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg au DWM, pamoja na mwaka. Mkono wa bolti umenyooka kando. Sehemu ndogondogo nazo zina namba, mara nyingi tarakimu mbili za mwisho za namba kuu. Kagua hadi skrubu. Zikilingana zote, umeshika kitu adimu.

Iliyo na uzito wa pekee kwetu ni Mauser ya 1871. Haina magazini, hupokea risasi moja moja ya milimita 11 yenye baruti nyeusi. Vita vilipoanza 1914, kombania nyingi za askari wa jeshi la Kijerumani huku kwetu bado zilikuwa na hii, na moshi wake ulimwonyesha adui mpigaji alipo. Ndiyo maana silaha walizoteka kwa Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, zilipokewa kwa furaha kubwa, na shehena ya silaha ya meli ya Kijerumani ya Rubens, iliyofika ghuba ya Manza Aprili 1915, ikaopolewa majini kwa juhudi nyingi. Novemba 1917 askari hao wa Kijerumani waliteka kambi ya Wareno huko Ngomano, Msumbiji. Waliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Waingereza na Wareno. Kwa hiyo ukikutana na Mauser-Vergueiro ya Kireno ya milimita 6.5, usiseme imepotea njia.

Hatua ya 3: Piga picha, ndipo ufungue

Piga kila alama na kila skrubu ilivyokaa. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu sawasawa, ikicheza, itachubua.

Kwa Lee-Enfield shika utaratibu huu: ondoa kwanza mbao za mbele zinazobeba mtutu, halafu kitako. Kitako hushikwa na skrubu ndefu ambayo ncha yake ya mraba huingia kwenye kibati kilichomo ndani ya mbao za mbele. Ukianza kwa kuzungusha skrubu hiyo, utapasua mbao ambazo zimevumilia vita viwili vya dunia.

Hatua ya 4: Kutu

Kutu jekundu hula, ila rangi nyeusi au ya kahawia iliyotulia inalinda. Ondoa la kwanza, acha ya pili. Paka mafuta mepesi, yaache usiku kucha, kisha sugua taratibu kwa sufi ya chuma namba 0000, si ile ya kusugulia masufuria. Sehemu ya chuma kitupu yenye kutu jekundu lililoenea unaweza kuichemsha kwa maji safi yaliyokenekwa (distilled), kama nusu saa: jekundu hugeuka jeusi na kutulia. Kausha mara moja, upake mafuta.

Ndani ya mtutu pitisha kwanza maji ya moto. Fataki, yaani viwashio vya baruti, za risasi za enzi hizo ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiyeyushi.

Hatua ya 5: Mbao

Hakuna msasa, hakuna vanishi. Pangusa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha paka mafuta mabichi ya kitani tone kwa tone kwa kiganja, siku kadhaa. Mikwaruzo ya kitako iache, na kidude cha duara cha shaba kwenye kitako cha Lee-Enfield usiking'arishe, kwani ndipo zilipogongwa alama za kikosi. Vitambaa vya mafuta ya kitani vianike nje vimetandazwa. Vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Hatua ya 6: Kuweka na kununua

Ukikaa pwani ya Mombasa au Tanga una adui wawili, chumvi ya hewa na bungua. Weka nta nyembamba kwenye chuma, iweke bunduki mbali na ukuta, na usiifungie ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hutunza unyevu.

Ukinunua, kibali kikiwepo, chagua iliyochakaa kwa uaminifu kuliko iliyorembwa. Nyingi zilikatwa mbao na mitutu baada ya vita ziwe za kuwindia. Mimi hizo sizirudishii umbo la kijeshi kwa vipuri vya kuunga. Nazitunza zilivyo, na kila kipuri ninacholazimika kubadilisha, kile cha zamani hukaa kwenye mfuko wenye lebo pamoja na bunduki yake.